Kitengo cha Kurekebisha Wananchi

Inatangazwa kwa wananchi wote, wake kwa waume, wenye subira na wasio nayo, kwamba tatizo la foleni katika Ofisi ya Vibali vya Biashara limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Foleni itabaki kama ilivyo. Watakaorekebishwa ni wananchi.

Tangazo hilo nililiandika mimi, nikalibandika mlangoni kwa gundi ya serikali, kisha nikarudi nyuma kulitazama kama baba anavyomtazama mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa Mkuu wa Kitengo kipya cha Urekebishaji wa Tabia. Kitengo kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na mimi. Lakini kwenye mchoro wa muundo wa ofisi kilikuwa na kisanduku chake, na mstari uliokwenda moja kwa moja hadi kwa Mkurugenzi bila kupitia kwa mtu mwingine yeyote. Aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua mstari wa namna hiyo una utamu gani.

Kwa wasiotufahamu, ofisi yetu hutoa vibali. Samahani, hupokea maombi ya vibali. Kutoa ni shughuli nyingine. Mwananchi hupeleka fomu dirisha la kwanza, akaambiwa asubiri. Hupelekwa dirisha la pili, akaambiwa asubiri vizuri. Dirisha la tatu yupo karani mwenye muhuri, ambaye sote tulimwita Mkono Mzito, kwa kuwa aliamini muhuri ukigongwa ovyo huchakaa, na yeye hakutaka uchakae mikononi mwake. Wananchi wakikaa sana ukumbini huanza tabia mbaya. Wanaguna. Wanasonya. Wanauliza, "Bosi, bado tu?" Na wapo wanaotamka neno "haki" kwa sauti ambayo haijaidhinishwa.

Siku moja Mkurugenzi aliniita.

"Mheshimiwa Waziri anakuja kutukagua," alisema. "Hawa watu wako pale ukumbini wamenuna kama wamefiwa. Mheshimiwa anataka kuona nyuso zenye furaha."

"Mkurugenzi, labda tukiongeza kasi ya vibali..."

"Nimesema nyuso. Nani amekutajia vibali?"

Basi nikapelekwa kwenye semina ya historia ya urekebishaji wa tabia.

Ilikuwa semina nzuri sana, yenye viti laini. Tuliambiwa habari za bingwa mmoja wa zamani aliyekuwa akichunguza mate ya mbwa. Akagundua kuwa mbwa akisikia kengele kila mara kabla ya kupewa chakula, mwisho wake kengele peke yake inamtoa udenda. Tukaambiwa habari za mwingine aliyefungia paka ndani ya masanduku ya mbao yenye komeo, samaki akawekwa nje. Paka alihangaika, akakwaruza huku na huku, akalikanyaga komeo kwa bahati tu, akatoka, akala. Akirudishwa sandukuni, kila mara alitoka upesi zaidi. Kisha kuna waliomwogopesha mtoto mchanga: kila alipomgusa panya mweupe, nyuma yake chuma kiligongwa kwa nyundo, hadi akawa analia akimwona panya, halafu sungura, halafu hata koti la manyoya. Na kulikuwa na njiwa waliofunzwa kudonoa kitufe ili wapate punje, wakafunzwa hatua kwa hatua kuzunguka, kugeuka, karibu hata kucheza ngoma.

Niliandika kila kitu. Kipindi cha mwisho kilihusu tahadhari, yaani mambo yanayoweza kumpata mrekebishaji mwenyewe, lakini kiligongana na chai, na mimi kengele ya chai ikilia huwa sijiwezi.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alikuwa jikoni, amejifunga kitambaa kichwani, na alichoniambia ni nimpe chumvi tu. Hapa lazima nieleze habari ya kichwa cha mke wangu.

Mke wangu husukwa nywele na mwanamke mmoja tu duniani, ambaye mtaa mzima humwita Mama Saluni. Wiki chache kabla ya semina, maofisa wetu walivamia saluni hiyo kwa kosa la kuendesha biashara bila kibali kilichohuishwa. Kibali kilikuwa hakijahuishwa kwa sababu ombi lake lilikuwa kwetu, likisubiri. Maofisa wakawatoa wateja nje, wakatia kufuli. Mmoja wa wateja hao alikuwa mke wangu, upande wa kulia umesukwa vizuri, upande wa kushoto nywele zimesimama. Amri ya kufungia ilikuwa na saini yangu.

"Si ukasukiwe upande uliobaki kwingine?" nilimwambia jioni ile.

"Baba watoto, kichwa hiki kitabaki hivi hivi mpaka ufungue lile kufuli."

Tangu hapo akawa ananisemesha kwa mahitaji tu. Chumvi. Mlango. Zima taa. Baadaye niliona kwenye madaftari ya semina kwamba njia hiyo ina jina la kitaalamu: kuinyima tabia malipo yoyote hadi ife yenyewe. Nilishangaa kidogo kwamba mke wangu aliijua bila kuhudhuria. Lakini taratibu ni taratibu. Majalada ya waliofungiwa yalikaa katika kabati la Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa ameyahifadhi kwa makusudi ili Mheshimiwa aone jinsi ofisi isivyo na mchezo.

Kazi ilianza Jumatatu. Kwanza niliweka kikapu cha pipi mezani. Mwananchi atakayekaa bila kulalamika, akatabasamu, anapata pipi. Anayelalamika hatazamwi. Nilifundisha makarani kutowatazama wananchi, somo ambalo walilifaulu papo hapo.

Pili, kwa walio sugu, nilimweka mlinzi nyuma ya benchi na sufuria na mwiko wa chuma. Mtu akisema tu "Bado?", mlinzi anapiga sufuria. Matokeo yalinitatiza. Wananchi hawakushtuka hata kidogo. Walishazoea kupigiwa kelele. Walioruka ni makarani. Siku chache baadaye Mkono Mzito alianza kutokwa jasho kila alipomwona mwananchi akifungua mdomo, hata kama ni kupiga mwayo. Nikaisitisha programu ya sufuria na kuandika kwenye taarifa kwamba imefaulu kuliko ilivyotarajiwa.

Tatu, na hili ndilo nililojivunia kuliko yote, nilitengeneza mabango. Fungu la fedha za machapisho lilikuwa bado halijaguswa, na Mkurugenzi hupenda uwazi usiogusa mambo ya maana. Nikachukua madaftari yangu yote ya semina, nikayachapisha kwa herufi kubwa, nikayabandika ukumbini kuanzia mlangoni hadi chooni. Mbwa na kengele. Paka na komeo. Njiwa na kitufe, pamoja na picha. Chini ya kila picha kanuni yake: "Tabia inayofuatiwa na jambo zuri hujirudia." "Tabia isiyojaliwa hufifia." "Usingoje tabia nzima. Lipa hatua ndogo ya kwanza, kisha dai kubwa zaidi." "Usilipe kila mara. Anayelipwa mara moja moja hachoki." Nilitaka mwananchi ajue kwa undani jinsi anavyorekebishwa.

Sasa fikiria watu waliokaa kwenye mabenchi tangu asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, hawana gazeti, simu zimeisha chaji, na ukuta mzima mbele yao umejaa maandishi. Mimi sikufikiria.

Mama Saluni alikuwa akija kila siku. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti inayofika mbele kabla yake, na asiye na woga wa mtu aliyevaa tai. Siku ile alisimama mbele ya bango la njiwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Shemeji," aliniita, kwa kuwa mke wangu ni rafiki yake, "hawa njiwa walikuwa ndani ya kisanduku?"

"Ndiyo. Kisanduku maalumu."

"Chenye kioo?"

"Vingine vilikuwa na sehemu ya kuchungulia."

Aliyatazama madirisha yetu matatu, na makarani waliokaa nyuma ya vioo, kisha akanitazama mimi. "Na anayewapa punje alikuwa nje?"

"Lazima awe nje."

"Haya, asante. Nimeelewa," alisema, akaenda kukaa. Nilimpa pipi kwa kuuliza kistaarabu.

"Shemeji, pipi nitakula," alisema, "lakini mwenye nyumba ameshaniambia. Siku ya ziara ya huyo Mheshimiwa wenu ikipita kufuli bado liko, chumba anampa mtu wa vyakula vya kuku. Vioo vyangu, viti vyangu, vikausha nywele vyangu, vyote barabarani. Wale wasichana wangu wawili wanaosuka waende wapi?"

Nilimweleza kuwa ofisi inatambua changamoto hiyo. Akasema hata yeye anaitambua.

Kuanzia wiki iliyofuata, ndugu msomaji, matokeo yalikuwa ya ajabu. Nyuso zilibadilika. Asubuhi nikiingia ukumbini, watu kimya. Nikichukua mafaili dirisha la pili kuyapeleka dirisha la tatu, benchi zima linanitabasamia. "Asante baba!" "Mungu akuweke!" Nikienda kunywa chai, watu wanaangalia sakafu. Nikirudi bila faili, sakafu. Nikirudi na faili, "Asante baba!" Sifichi, nilifurahi. Katika miaka yangu yote ya utumishi hakuna mtu aliyewahi kunishukuru kabla hajapata kitu. Nikajikuta nabeba mafaili asubuhi na mchana, hata yale ambayo hayakuhitaji kubebwa. Chai niliiacha kabisa, bila kujua kwa nini.

Mkono Mzito naye alibadilika. Alipouinua tu muhuri kutoka kwenye wino, ukumbi ulitoa sauti ndogo ya kuridhika, kama watu walioona mtoto akipiga hatua. Alipougonga, mzee mmoja wa mbele alimwambia, "Una mkono mzuri sana, kijana." Mkono Mzito ana wajukuu. Aliona haya, akatabasamu, akagonga mwingine. Halafu mwingine. Siku zingine alipogonga hawakusema kitu, siku zingine walimpigia makofi, na kwa kuwa hakujua makofi yatakuja lini, alikuwa akigonga tu.

Lakini mafanikio makubwa yalikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe. Mkurugenzi wetu ana utani mmoja. Hushuka ukumbini, husimama mlangoni na kusema, "Mnajua kwa nini foleni yetu ni ndefu? Kwa sababu mmekuja!" Kisha hucheka peke yake na kurudi juu. Siku moja aliusema, na ukumbi ukaangua kicheko. Alishika ukuta kwa furaha. Kesho yake akarudi, akausema mlangoni, hakuna aliyecheka. Akasogea ndani hatua chache, akausema tena, wakacheka kidogo. Siku iliyofuata walicheka alipofika dirisha la pili tu. Iliyofuata, alipofika dirisha la tatu. Kisha hata hapo wakawa kimya, hadi bila kufikiri aliushika muhuri wa Mkono Mzito ili awe na kitu cha kuchezea mkononi. Ukumbi ukalipuka. Mama Saluni alikuwa akijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Hawa watu wamenielewa sasa," aliniambia Mkurugenzi tukipanda ngazi. "Ulikuwa unajua mimi ni mcheshi?"

"Ofisi nzima inajua, Mkurugenzi."

Niliandika taarifa. Nilisema uongozi umekuwa karibu na wananchi, na kwamba wananchi wamerekebika kwa kiwango kisicho na mfano. Kwamba vibali vilikuwa vikitoka kwa kasi mbaya niliona, lakini nililiweka jambo hilo chini ya kichwa cha habari "Athari Ndogondogo."

Majalada yaliyobaki kabatini yalikuwa yale ya waliofungiwa. Hayo hayakuguswa.

Siku ya ziara ikafika. Nilimpanga kila mtu. Wananchi wenye tabasamu zuri mbele, wenye meno mabovu nyuma. Kwa agizo la Mkurugenzi niliyatoa majalada ya waliofungiwa kabatini na kuyapanga juu ya meza kando ya dirisha la tatu, yamefungwa kwa utepe mwekundu, ili Mheshimiwa aone ukali wetu kwa macho yake. Jalada la Mama Saluni lilikuwa la juu. Nilipotoka nyumbani asubuhi mke wangu alinifungia mlango nyuma yangu bila neno, kitambaa kichwani, na nikasikia moyo unaniuma kweli. Si maumivu ya kitaalamu, ya kawaida tu.

Mheshimiwa aliingia na walinzi, na wapiga picha, na harufu nzuri. Mkurugenzi akaanza hotuba.

"Mheshimiwa, ofisi hii inalinda thamani ya kibali kwa kutokitoa kiholela..."

Ukumbi ukaangalia sakafu. Watu wote, kwa pamoja. Mkurugenzi akakwama. Akajaribu utani wake. Sakafu. Nilimwona jasho linamtoka. Bila kukatisha hotuba akaanza kusogea, neno kwa neno, hatua kwa hatua, kuelekea dirisha la tatu. Nyuso zikaanza kuinuka. Akafika. Akasema kitu kuhusu uwajibikaji, mkono ukaingia dirishani, ukatoka na muhuri. Watu wakatabasamu. Akagonga fomu iliyokuwa karibu. Makofi! Mheshimiwa akashtuka, akatabasamu naye, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wakipiga. Mkurugenzi akagonga nyingine. Akagonga zote zilizokuwa kwenye trei. Hotuba aliisahau.

Kisha fomu zikaisha.

Ukumbi ukanyamaza tena. Mkurugenzi amesimama, muhuri juu, macho yanatafuta karatasi. Mezani kulikuwa na lile rundo moja tu, lenye utepe mwekundu, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama kando yake. Niligeuka. Mama Saluni alikuwa akinitazama. Hakunisihi, hakunitolea hata ishara. Alikuwa ameanza tu kutabasamu, kidogo, kwenye kona ya mdomo, kama anayengoja kuona nitafanya nini. Na benchi zima likaanza naye, kidogo kidogo.

Ningependa kusema kwamba niliamua. Mkono wangu ulifungua utepe wenyewe na kulisukuma rundo mbele ya Mkurugenzi.

"Asante baba!" ukumbi ukasema.

Muhuri ukashuka juu ya jalada la Mama Saluni kwa kishindo. Makofi, vigelegele. Mkurugenzi aliendelea hadi katikati ya rundo, ndipo Mheshimiwa aliposhindwa kuvumilia.

"Hebu nipe mimi," alisema, akamnyang'anya muhuri.

Mheshimiwa Waziri, ambaye miezi michache kabla alitia saini waraka wa kufungia biashara zisizo na vibali, aliyagonga yaliyobaki yote kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kamera, akiinua kichwa kila baada ya pigo kuona kama wanacheka. Na walicheka. Mara zingine hawakucheka, na hapo aligonga kwa nguvu zaidi.

Magari yalipoondoka, Mkurugenzi alikaa kwenye benchi la wananchi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulikalia.

"Tumefanya nini?" aliuliza.

"Tumerekebisha tabia, Mkurugenzi."

"Za nani?"

Niliangalia mabango yangu. Niliangalia yale madirisha yetu matatu, na vioo vyake, na Mkono Mzito ndani yake akingoja mtu amwambie ana mkono mzuri.

Alasiri nilikwenda mwenyewe saluni na ufunguo. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na mtu wa vyakula vya kuku, wanapima chumba kwa macho kupitia upenyo wa mlango. Mama Saluni alifika nyuma yangu na kibali mkononi, wino haujakauka vizuri, akawaonesha, wakaondoka. Wasichana wake wawili walikuwepo. Mke wangu pia alikuwepo, kitambaa kichwani, amekaa kwenye ngazi. Alikuwa amefika kabla yangu. Hapo ndipo nilipojiuliza, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, nani hasa alimshauri nani kuhusu yale mabango.

Nilipotia ufunguo kwenye kufuli, wakanyamaza. Ulipozunguka, wakatabasamu. Kufuli lilipoanguka mkononi mwangu walinipigia makofi wote, na mke wangu akavua kitambaa pale pale barabarani, upande umesukwa, upande umesimama, akacheka na kuniita baba watoto kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau.

Mama Saluni alitia mkono kwenye mkoba wake, akatoa pipi. Niliitambua. Ilikuwa ya kikapu changu.

"Hongera, shemeji," alisema. "Umefanya vizuri sana."

Niliifungua hapo hapo. Ilikuwa ya ndimu. Nikaiweka mdomoni, nikainyonya taratibu, kisha nikawauliza kama mtaani kuna kufuli jingine.